Kanga ya mwali, na jina lililoandikwa kichwa chini

Dada zetu wapenzi, na zaidi nyinyi mabibi harusi mnaohesabu siku za Mfungo Mosi. Leo hatukuleta singo wala mitindo ya hina. Wengi mmeiona picha ya kanga yetu nyekundu, ile yenye majina mawili, moja likisomeka vizuri na jingine likiwa kichwa chini, mkauliza inauzwa duka gani. Haiuzwi. Ipo moja tu, na hata hiyo moja haiko mikononi mwetu. Basi kaeni mkao wa kula tuwasimulie ilivyopatikana.

Sisi ni watano, wanafunzi wa mwaka wa pili wa usanifu wa vitambaa katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Majina yetu hatuyataji hapa. Tutaitana kwa mitaa, maana ndivyo tunavyoitana wenyewe tangu mwaka wa kwanza: Tandika, Mwananyamala, Magomeni, Unguja na Keko. Unguja ndiye mwenyeji wenu, amekuja bara kusoma na anakaa kwa shangazi yake Kinondoni. Keko ni binti wa seremala, na kama mnaifahamu Keko mnajua kwamba huko vitanda na makabati yamejaa barabarani, watu wanapita katikati ya vumbi la mbao. Mwisho wa Rajabu Keko aliolewa, akahamia kwa wakwe zake Mbagala Charambe. Basi na sisi tukaanza kumwita Mbagala. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Kazi yenyewe ilitolewa wiki ya kwanza ya Shaabani. Mwalimu aliandika sentensi moja ubaoni: chagueni kitu kinachotumiwa na watu wengi, mkisanifu upya kwa ajili ya mtu mmoja. Dakika 15 za kuwasilisha, alama 40, kila mwanakikundi lazima asimame na kusema, na ukurasa wa mbele uwe na majina na saini za wote. Siku ya kuwasilisha ni Jumatano ya mwisho kabla ya mfungo.

Kikundi kimoja kilichukua kiti cha daladala, kingine jiko la mkaa. Sisi hatukubishana sana, tulichukua kanga. Ubishi ulikuwa ni ya nani. Mwananyamala alitaka ya mama aliyejifungua, kwa sababu mtaani kwao kuna hospitali na kila asubuhi anawaona kinamama wakitoka na kichanga kimefungwa kanga mpya. Tandika akataka ya mwali, kwa sababu bibi yake mzaa mama ni kungwi. Tukapiga kura, mwali akashinda.

Kanga mnaijua, mmezaliwa ndani yake. Lakini mwalimu hakutaka habari ya "tunaijua", alitaka asili. Kwa ufupi: zamani wanawake wa pwani walinunua leso, vile vitambaa vya mkononi ambavyo hata jina lake limetoka kwa Wareno, zikiwa bado jora zima hazijakatwa. Wakakata sita, tatu juu na tatu chini, wakaziunga kuwa vazi moja. Ndiyo maana Mombasa mpaka leo wanasema leso. Jina la kanga husimuliwa kuwa limetoka kwa ndege yule mwenye madoa. Maandishi yalikuja nyuma, na anayetajwa sana ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara yake ni ya tangu 1887, kanga zake zina alama ya Mali ya Abdulla. Mwanzoni maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja haya tunayoyasoma leo.

Kuna kipande cha historia ambacho Unguja alikisoma kwa sauti na sote tukanyamaza. Kisiwani kwenu, kabla ya sheria ya kufuta utumwa ya mwaka 1897, mwanamke mtumwa alivaa kaniki, kile kitambaa cheusi, au merikani isiyotiwa rangi. Walipopata uhuru wao wengi waliivua kaniki wakavaa kanga. Hawakuwa wamepata mali, walipata nguo yenye rangi na pindo. Tulikubaliana hapo hapo kwamba hiki kipande kitasemwa siku ya kuwasilisha hata kama dakika hazitoshi.

Sasa usanifu. Kanga ina sehemu tatu, nanyi mnazijua: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi. Kwa rangi tulienda moja kwa moja kwenye kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa kuwa kisutu ndiyo kanga ya harusi ya pwani yetu tangu bibi zetu. Mwananyamala, ambaye mkono wake katika kuchora hauna mpinzani darasani, alichora kanga wawili wakitazamana katikati ya mji. Walipendeza mno. Unguja akauliza, je, mwali akitaka kuisalia? Kwao Unguja kanga ni nguo ya sala kama ilivyo nguo ya jikoni, na picha ya kiumbe mwenye roho mbele ya anayesali ni jambo wengi hawalipendi. Mwananyamala alinuna siku nzima. Kesho yake akaja na mchoro mpya: ndege hawapo, yamebaki madoa yao tu, yametawanyika mji mzima mpaka kufika kwenye pindo. Kwa maoni yetu huu wa pili ulikuwa mzuri zaidi, na yeye mwenyewe hataki kukiri.

Jina lilitutoa jasho. Magomeni alitaka tuandike kipande cha aya ya 21 ya Surat Rum, ile inayopamba kadi za harusi. Nia ilikuwa njema. Shangazi yake Unguja ni mwalimu wa madrasa, tukampelekea swali, tukamsalimu tukakaa. Alisikiliza, kisha akauliza maswali badala ya kujibu. Kanga inavaliwa wapi? Kiunoni. Inaingia nayo wapi mwanamke? Chooni. Mtoto anabebwa na nini, na mtoto akikojoa? Inakaliwa? Inachanika ikawa tambara la kudekia? Hapo Magomeni mwenyewe akafuta neno kwenye daftari. Adhuhuri ilipoingia tukaenda kusali pale Bakwata Kinondoni, kwenye msikiti mkubwa uliojengwa kwa msaada wa Morocco, na njiani hakuna aliyezungumza habari ya aya tena.

Tukaenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kusoma kanga madukani kama mtu anayesoma magazeti bila kununua. Wenye maduka walituvumilia. Kuna majina ya kushukuru, ya kuombea, ya kuonya, na yale ya kumchoma jirani ambayo sote tulianza kuyasoma kwa kunong'ona na kuishia kucheka. Ya harusi mengi yanamsifu mume au yanamtambia aliyeshindwa. Tuliandika majina 63. Hatukupata hata moja linalosema neno kwa niaba ya mwali mwenyewe anapoingia nyumba ngeni.

Bibi yake Tandika ndiye aliyetufungua macho. Tulimkuta uwanjani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Vueni viatu mkae. Mnaolewa nyote kwa pamoja?"

Tukamweleza. Akaweka ungo chini, akamwita Tandika asimame, akamfunga kanga kiunoni, akamgeuza.

"Haya. Jina liko wapi?"

Nyuma, chini ya kiuno.

"Yeye analiona?"

Halioni.

"Basi nani anasoma? Anasoma anayemfuata nyuma. Na mwali akiwa ukweni anafuatwa na nani? Mume yuko kazini. Nyuma yake kuna mama mkwe na mawifi. Nyie mnamwandikia mume ambaye hata kanga haisomi."

Jioni ile ile, kwenye daladala ya kutoka Tandika, likapatikana: MWALI SI MGENI, MPENI NAFASI. Mizani sita na sita. Lilisemwa na Magomeni, au Tandika, kila mmoja anadai ni lake.

Mpaka hapo mtaona tumetaja wanne tu. Keko hakuwepo. Wiki ya kwanza alituma ujumbe kuwa anaumwa, ya pili akasema mume amesafiri, kisha simu ikawa inaita haipokelewi mchana, na usiku unakuta alama mbili za kwamba ujumbe umesomwa. Tulikwenda kwa baba yake kuomba atutengenezee fremu za mbao kwa ajili ya skrini za kuchapia. Akatutengenezea tatu, moja kwa kila rangi, msumeno wake haukuchukua saa moja, akakataa hela. Tulipokuwa tunaondoka akauliza, "Mnaonana naye lakini?" Tukasema tunawasiliana. Alituangalia tu, akarudi kwenye randa yake.

Ndipo likaja suala la ukurasa wa mbele. Magomeni alisema wazi: kumwandikia jina na saini mtu ambaye hakufanya kazi ni ushahidi wa uongo, na ushahidi wa uongo si jambo dogo, hata kama ni kwa shoga. Mwananyamala akasema Muislamu anamsitiri Muislamu mwenzake, na huyu ni bi harusi, si mvivu, mwaka jana nani alikuwa anatufundisha kompyuta? Magomeni akajibu sitara ni ya aibu, haihusu alama. Walivutana hivyo siku mbili. Nasi tuliona kila mmoja ana haki, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Mwishowe Unguja akatoa wazo: tusiandike majina matupu, tuandike kila jina na kazi yake mbele, mwalimu asome mwenyewe. Tukaandika. Mstari wa Keko ulibaki mtupu. Fremu zilikuwepo, lakini fremu ni za baba.

Ukiutazama mstari mtupu kwa muda unaona kwamba hauwezi kubaki hivyo bila mtu kwenda kugonga hodi. Tukachagua wawili, Magomeni na Tandika, kwa makusudi: mmoja aliyemtilia shaka na mmoja anayejua adabu za makungwi. Walibeba kilo ya halua ya Unguja. Daladala mpaka Rangi Tatu, bajaji mpaka Charambe.

Tunayoyaandika kuanzia hapa, Keko ameyasoma na mama mkwe wake amesomewa. Alituondolea mambo mawili. Moja tumelitoa, jingine ameturuhusu tulirudishe.

Mama mkwe aliwapokea vizuri, mkeka ukatandikwa, chai ikaja. Hakuzunguka. Alisema mwanawe ni dereva wa lori, amepeleka mzigo Tunduma, na foleni ya mpakani mtu haijui mwisho wake. Amemwachia mke wa wiki mbili. "Nikimwacha mwali atoke alfajiri arudi baada ya magharibi, na mumewe hayupo, mtaa huu utasema nini? Watasema mama kashindwa kumtunza mwali hata mwezi haujaisha. Akirudi mwanangu nitamwambia nini?"

Tandika akasema kwa upole kwamba siku ya posa baba wa binti alitamka mbele ya watu kuwa masomo yaendelee, na upande wa kuume ukakubali.

"Sijakataa masomo, mwanangu. Mimi nilikuwepo. Nilichosikia ni neno masomo. Sikusikia saa moja usiku. Sikusikia Jumamosi. Sikusikia mabasi matatu."

Mabibi harusi, hapa simameni kidogo. Ndugu zetu wengi mnaweka sharti la kuendelea kusoma au kufanya kazi, na hilo ni haki yenu, na ni vizuri likatamkwa kabla ya ndoa kufungwa. Lakini neno "masomo" ni mfuko mtupu, kila mtu anatia chake. Baba alitia shahada. Mume alitia madaftari mezani. Mama mkwe alitia asubuhi mpaka saa nane. Hakuna aliyedanganya. Semeni siku zipi, saa ngapi za kurudi, nani analipa nauli, mume akisafiri inakuwaje, wakati wa mitihani inakuwaje. Mkiona aibu kuyasema nyinyi, mawalii wenu wayaseme, au somo wako ayapeleke. Tumeona kwa macho yetu mahari ikiandikwa mpaka idadi ya vijora na mashuka, halafu miaka mitatu ya chuo ikaachwa kwa neno moja.

Basi kukawa kimya pale mkekani, mpaka mama mkwe mwenyewe akauliza, "Hiyo kazi yenu inafanyikia wapi?" Magomeni akasema popote penye jua, maji na nafasi ya kuanika.

"Uwanja huo hapo. Ileteni."

Mtashangaa kusema penye jua. Skrini inatiwa dawa inayoganda kwa mwanga, mchoro unabandikwa juu yake, pale palipokingwa na wino mweusi dawa haigandi, ukiosha kwa maji panafunguka, na rangi hupita hapo. Darasani kuna taa maalumu. Kwa Mwananyamala tulijaribu na balbu, umeme ukakatika mara mbili usiku mmoja. Jua la Mbagala halikatiki. Tulilaza skrini uwanjani na kioo juu yake, mwenye simu akihesabu sekunde, watoto wa jirani wakihesabu naye.

Hofu ilikuwa ni skrini ya tatu, ya nyeusi, yenye jina. Fikirini wenyewe: tunakwenda nyumbani kwa mama mkwe, tunakanyaga uwanja wake, tunakula ugali wake, halafu tunaanika kwenye kamba yake kanga iliyoandikwa mwali si mgeni mpeni nafasi. Mwananyamala alitaka tubadilishe, kuna muda wa kutengeneza skrini nyingine. Tukamuuliza Keko, maana yeye ndiye atakayebaki pale sisi tukiondoka. Alifikiri, akasema liacheni.

Tuliichapa Ijumaa baada ya alasiri. Merikani tulikuwa tumeikata kwa kipimo cha kanga, kama sentimita 150 kwa 110. Nyekundu kwanza, ikauke, nyeusi ya pindo kipande kwa kipande kwa kuwa skrini yetu ni ndogo, jina mwisho. Mama mkwe alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Alisoma. Hakuna aliyepumua.

"Mmenisema," akasema.

"Hapana mama, sisi hatuna..."

"Kanga haina hapana. Kanga ikisema, mwenye lake anajijua." Akanywa chai. Kisha akaanza kucheka, ile ya kutikisika mabega. "Tena mpeni nafasi! Nimempa uwanja mzima na maji ya bomba." Akaingia ndani, tukadhani ameudhika, akarudi na sanduku lake. Akatoa kisutu aliyofungia ndoa mwaka 1989, nyekundu yake imekuwa kama tofali kwa kufuliwa, akaitandaza kando ya yetu. "Pindo lenu jembamba. Hii ni kanga au leso ya kufutia jasho?" Alikuwa na haki. Ya kwake pindo lilikuwa upana wa mkono mzima. Tulichapa nyingine kesho yake, pindo likaongezwa vidole vinne, na hiyo ndiyo mliyoiona pichani.

Sasa jina la pili, ambalo ndilo mnaloulizia.

Tulikuwa tumekaa baada ya sala, rangi inakauka, tunapanga nani aseme nini. Mstari wa Keko ulikuwa umeshaanza kujaa: kachapa, kachanganya rangi, kakosoa. Tukarudia maneno ya bibi wa Tandika, kwamba mvaaji haoni jina. Keko akasema, kwa hiyo mwali anatembea na maneno ya watu mgongoni, yake yeye hana. Tukamuuliza, wewe ungetaka usome nini? Tulitegemea methali.

"Jina langu."

Akaeleza bila huzuni, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Tangu aingie nyumba ile, mawifi wanamwita wifi, majirani wanamwita bi harusi, watoto wanamwita mke wa kaka, mama mkwe anamwita mwali. Wote kwa heshima na mapenzi. "Mume wangu ndiye ananiita jina, naye yuko Tunduma na mtandao haukamati. Juzi muuza maziwa kaniuliza naitwa nani, nikachelewa kujibu. Na nyinyi pia mmenibadilisha mkaniita Mbagala."

Tukacheka. Tangu siku ile amerudi kuwa Keko.

Unguja ndiye aliyesema kwamba katika dini yetu mwanamke akiolewa nasaba yake haibadiliki, anabaki binti wa baba yake mpaka kaburini. Magomeni akachukua kalamu. Kazi ya kiufundi ikaanza, na hapa tuwe wakweli, hii ndiyo sehemu tuliyoifurahia kuliko zote. Ukiweka maandishi kwenye upindo wa juu wa kanga, yakiwa kichwa chini kwa anayekutazama, wewe uliyeivaa kifuani ukiinamisha macho unayasoma sawasawa. Lakini yasiwe katikati, maana katikati ya kanga hukaa mgongoni. Yanatakiwa ncha ile inayobaki juu unapojifunga. Tukajifunga sote watano, mmoja mmoja, mwembamba na mnene, anayefungia kulia na anayefungia kushoto, wifi mdogo akitia alama kwa chaki. Wengi tuliangukia shubiri mbili kutoka ukingoni. Na ukishaukunja upindo kidogo ili kanga ishike, jina linafichika. Halionwi na mtu mpaka mwenyewe alifungue.

Jumatano ilifika. Tulikuwa tumeazima kidoli cha dukani, kile cha kuvalishia madera, kisicho na kichwa, kwa kuwa hatukutaka mmoja wetu asimame kugeuzwageuzwa mbele ya darasa lenye wanaume. Konda wa daladala alidai nauli ya kidoli. Tandika akamwambia hana kichwa, atalipaje? Konda akasema kiti anakalia kiuno. Tukalipa.

Keko aliingia saa tatu kasoro, na nyuma yake mama mkwe katika baibui lake la kutokea. Alikuwa ameahidi atamleta mwenyewe, na ametimiza. Akakaa kiti cha mwisho, akaweka mkoba mapajani. Mwalimu akauliza huyu mama ni nani. Unguja akajibu ni mshauri wa kikundi upande wa pindo.

Tulisema yetu: leso sita, 1897, kisutu, madoa bila ndege, nani anasoma mgongo wa nani. Keko alikuwa na dakika tatu za jina la pili. Alivaa kanga juu ya baibui lake, akaonyesha linavyofichika na linavyofunguka. Mwalimu akauliza swali gumu, na lilikuwa la haki: kiwanda kinachapa maelfu kwa mchoro mmoja. Urafiki tangu kilipofunguliwa 1968, hakijawahi kuchapa kanga ya mtu mmoja. Jina la kila bi harusi mtalipataje? Tandika akajibu kwamba kiwanda kiache pale ukanda mweupe wa vidole vinne, na mwali adarizi mwenyewe au adariziwe na somo wake wakati wa kumfunda, kama wanawake wa Unguja wanavyodarizi kofia za viua. Mwalimu akaandika kitu, hakusema kama amekubali. Akatukata kwa pembe moja ambayo madoa ya pindo hayakukutana. Pembe ile kweli ilikuwa na walakini.

Tulipata 31 kati ya 40. Keko alipata 27, kwa sababu mwalimu alisoma ile orodha ya kazi na tarehe. Magomeni anaona ni haki. Mwananyamala anaona si haki mpaka leo. Keko mwenyewe anasema 27 ni zake na saini ni yake. Hatujalimaliza, na tuko muhula mwingine.

Mumewe alirudi usiku wa pili wa Ramadhani. Walikaa na mama yake wakapanga siku: Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, bodaboda ni ya kijana wa msikitini anayejulikana, Jumamosi ni wakati wa mitihani tu. Limeandikwa kwenye karatasi na limebandikwa jikoni, tumeliona.

Kanga ile iko sandukuni Charambe, juu ya kisutu ya 1989. Mama mkwe aliikunja siku ile ile ya kuwasilisha, akatia mkobani, hakuuliza. Ila doti ni vipande viwili, na sisi tulimpa kimoja, kwa hiyo ameagiza cha pili kwa ajili ya binti yake anayeolewa Mfungo Mosi. Merikani bado tunadaiwa mita mbili Kariakoo. Wifi mtu ametutumia jina lake liandikwe, lina herufi kumi na moja, kwa hiyo shubiri mbili hazitoshi, na Keko ameshaanza kupima upya.